Mafunzo ya Kuwahudumia Wahamiaji Yasiishie Mpakani

Hapa Moshi kipo chuo cha uhamiaji, na ndani yake kituo cha mafunzo cha Shirika la Kimataifa la Uhamiaji kilichoanzishwa mwaka 2009, ambako maafisa kutoka nchi nyingi za Afrika wamepita kujifunza usimamizi wa mipaka. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mgeni akishagongewa muhuri Holili au Namanga, watumishi atakaoonana nao miaka yote inayofuata ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mwalimu anayeandikisha darasa la kwanza na mtendaji wa mtaa. Kwa maoni yangu, hao ndio wenye uhitaji mkubwa zaidi wa mafunzo.

Tuchukue majina. Fomu zetu hudai jina la ukoo, ilhali katika familia nyingi za Kirundi baba, mama na kila mtoto huwa na jina lake mwenyewe. Msomali hutaja jina lake, la baba na la babu, na mwanamke haliachi lake akiolewa. Karani akiona mama na mtoto wasiofanana majina hata kidogo, hushuku, humwagiza mama akalete barua ya mtendaji, na chanjo inangoja. Kalenda nayo ina mitego yake: ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, hivyo mtoto wa miaka saba, mwaka wake ukiandikwa kama ulivyotajwa, anasomeka kuwa kijana wa miaka 14 au 15.

Sitetei semina ya hotelini yenye slaidi za “mila za Wasomali” (posho yake, nakiri, ina wapenzi wengi). Semina ya namna hiyo humfanya mtumishi amkadirie mtu kwa mavazi, wakati huyo Msomali aliye mbele yake huenda amezaliwa Arusha na anazungumza Kiswahili kizuri kumshinda. Inatosha asubuhi moja kituoni, fomu zenyewe zikiwa mezani, mwezeshaji akiwa mhamiaji anayeishi mjini humu, na watumishi wakiuliza waziwazi yale yanayowakwaza dirishani.

Halmashauri nazo ziandae orodha ya wakalimani watu wazima wanaoweza kupigiwa simu, maana si haki mtoto wa miaka tisa kumtafsiria mama yake maswali ya daktari kuhusu mimba iliyoharibika.