Kopi Inakubalika, Mwenyewe Hakubaliki

Haya, sasa na kidole nacho kimegoma. Laini ya simu inataka uhakiki, sura unayo, kitambulisho unacho, na kimashine kinasema alama hazilingani. Yaani wewe si wewe.

"Mzee wangu, hebu weka cha kushoto."

"Mwanangu, na hicho si changu vilevile?"

Kijana wa watu mwenye kimashine hana kosa. Kioo kile kinasoma matuta ya ngozi na mabonde yake, na Tabora msimu wa kuchuma tumbaku mabonde yamejaa gundi. Paka mafuta kidogo ilainike, ndipo uoshe kwa sabuni, ukaushe. Kioo nacho kifutwe, kina jasho la foleni nzima. Laza kidole, usidonoe kwa ncha kama kuku, tulia. Kikiwa kikavu mno hakisomeki, kipulizie pumzi. Kikilowa kinatoa doa jeusi tupu. Kikikataa, hamia kingine. Kama ni saruji au chokaa imekwangua mistari, pumzisha mikono wiki chache, itarudi. Upumzishe mikono! Motoni bani, kwenye banda la kukaushia tumbaku, atakaa nani, kopi yako?

Hapo ndipo Doto anapojipenyeza mbele. "Kaka, si mimi na Kulwa tumefanana? Acha nimbonyezee."

Bonyeza tu. Mapacha wa yai moja vinasaba ni vilevile, ila alama za vidole kila mmoja alichorwa kivyake humo humo tumboni. Hata Dolly, yule kondoo kopi (kloni) wa Scotland wa mwaka 1996, alitolewa kwenye seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, na bado ilibidi azaliwe, anyonye, akue upya kama mwanakondoo mwingine yeyote. Seli 277 ziliunganishwa na mayai, akapatikana yeye peke yake. Hapa mjini kopi ni shilingi mia na inatoka papo hapo.

Na wanazipenda! Peleka cheti chenyewe, utarudishwa: lete kopi, igongwe muhuri wa wakili. Karatasi ya mia inaingia ofisini, wewe unabaki kwenye benchi ukithibitishwa. Ila dukani kwenye daftari la madeni hawana haja ya kidole. Mtu anakutambua kwa mgongo, usiku, umeme umekatika.

Halafu picha za pasipoti. Eti utulize uso, usicheke. Sasa nani anacheka?