Siku niliyodai haki yangu ya kupiga muheme

Kwanza mjue mimi ni Mpare, kwahiyo yale mawili mnayotutania nayo, ubahili na kupenda kesi, siku ile yote yalihusika.

Nilikuja Dodoma na ofisi 2017, ile hamahama ya kweli, maana habari za makao makuu kuhamia huku watu walianza kuzisikia tangu 1973 wakazeeka nazo. Mtaani kwetu sasa hivi tumechanganyika hatari, Wagogo wenye mji wao, Warangi wa Kondoa, Wasukuma, Wahaya, na Mchaga mmoja ambaye sijui ilikuwaje ila fremu zote ni zake. Basi mwaka jana wakaandaa tamasha, kaulimbiu hatubaguani, na sharti lao likawa ule chakula kisicho cha kwenu na ucheze ngoma isiyo ya kwenu.

Kwenye chakula nilijitahidi jamani. Ugali wa uwele na mlenda, nikavuta tonge, ule uzi ukatoka kwenye bakuli ukapanda kidevuni ukashuka ukatua kwenye kifungo cha tatu cha shati, nikaufuata na kidole nikaumaliza.

Kilichoniponza ni kiherehere cha ngoma. Wakinamama wa Kigogo walikuwa wamesimama mstari, magoti yamekunjwa kidogo, kila mmoja kabana mapajani ngoma yenye kiuno, ndiyo muheme wenyewe, yaani mikono inaruka kama mvua ya mawe kwenye bati ila ngoma yenyewe haisogei hata kidogo. Damu ikanichemka. Nikamfuata bibi mmoja wa mwisho kwenye mstari, "Mbukwenyi bibi," akaitikia vizuri tu, nikaomba ngoma.

"Hii ya wanawake, baba. Wanaume zeze kule."

Mtu mwenye akili angeenda kwenye zeze. Mimi nikamwambia bibi, leo tumesema hatubaguani, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, jinsia imo. Nilisema hivyo kweli, mbele ya watu, nikiwa na mlenda kwenye shati. Bibi akaniangalia weee, akawageukia wenzake akaongea Kigogo kidogo, mstari mzima ukacheka, halafu akasema kwa Kiswahili ili na mimi nipate, "Mpeni, asije akatushtaki."

Nikapewa. Nikabana. Ikashuka. Nikabana tena, ikashuka mpaka magotini, maana mapaja ya mtu wa kushinda kwenye kiti cha ofisi hayana breki. Nikaona isiwe tabu, nikachuchumaa kidogo nikaibana kwa nguvu zote nilizojaliwa na Mungu. Hapo niwakumbushe kwamba nilikuwa nimevaa kadeti ya mtumba niliyoiokota Sabasaba kwa elfu nne, na nilivyoinunua ilikuwa imeshachoka.

Mlio sikuusikia, nilisikia upepo. Na upepo wa Dodoma mnaujua hauna adabu, unaingia na vumbi lake. Emsii akauliza kwenye maiki, "Jamani ni ngoma imepasuka?" wapigaji wakanyamaza kusikiliza, na kwenye ule ukimya katoto kamoja huko mbele kakapiga kelele, "Mama, nanasi!"

Boksa yangu ilikuwa ya njano, ina mananasi. Kanunua wife, msiniulize.

Bibi wala hakucheka. Alivua kanga begani akanizungushia kiunoni, akaikaza fundo mpaka nikakata pumzi, akasema, "Haya sasa, piga." Na cha ajabu ngoma ikatulia! Kumbe kitambaa kinashika kuliko kadeti. Nikapiga dakika kumi nzima, nje ya mdundo kabisa ila kwa moyo, vigelegele vikapigwa, na video nimeshatumiwa na watu watatu wa Same ambao nilikuwa naamini hawana namba yangu.

Juzi wametuma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa majina ya akinamama wa muheme wa mwaka huu. Namba 14 ni mimi. Mchango wa sare elfu kumi na tano. Nikaandika kwa heshima zote, nauliza, je ambaye ana kanga tayari anapunguziwa?

Bibi kajibu kwa voisi, sekunde tatu tu. "Hiyo kanga ni yangu, baba. Ilete."