Ukitaka uzuri, si lazima udhurike

Mafuta ya kukuza nywele hayakuzi nywele. Nasema hivi nikijua wapo dada zangu wanaoyauza kwenye WhatsApp na watanuna, lakini ndivyo ilivyo. Unywele unaouona umeshakufa. Kilicho hai ni shina lake chini ya ngozi, na urefu hutengenezwa huko, kwa mwendo wake, upake usipake. Nywele zetu za kipilipili hukua kwa wastani wa chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, yaani sentimita tisa au kumi hivi kwa mwaka. Sasa wewe uliyemaliza kidato cha nne mwaka 2015, ukaachana na mashine ya kunyolea, na mpaka leo nywele zinaishia masikioni, jiulize zimekwenda wapi.

Zimekatika. Nyingine zimebaki kwenye kitana, nyingine kwenye mto, na nyingi zimebaki saluni. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na msusi wake, kopo la mafuta litasubiri.

Wasusi wetu wana mikono, hilo sibishi. Ila wengi wanaamini rasta isiyobana haidumu. Unakaa chini, kichwa kiko katikati ya magoti yake, anashika vile vinywele laini vya mbele anavivuta mpaka nyusi zinapanda. Ukisema dada unaniumiza, unajibiwa vumilia, ukitaka uzuri sharti udhurike. Usiku hujui ukilaze wapi kichwa, unameza Panadol. Asubuhi vipele vidogo vyeupe vimejipanga kwenye paji la uso, na wote nyumbani wanakwambia ni kawaida ya rasta mpya. Si kawaida, ni shina linaumizwa. Ukivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka, nywele za mbele zinarudi nyuma. Ukiwahi, ukaziacha zipumzike, huota tena. Ukichelewa mpaka ngozi imekuwa nyororo inang'aa, ujue pameingia kovu, na hapo hakuna mafuta wala mganga. Kwa hiyo sema! Hela ni yako na kichwa ni chako. Asiyetaka kulegeza, nyanyuka utafute mwingine.

Saluni tunailaumu sana, lakini kwenye kufumua tunaharibu wenyewe, tena nyumbani. Rasta zikikaa mwezi au miezi miwili, pale zinapoanzia karibu na ngozi hujikusanya utando wa kijivu: vumbi, jasho, mafuta, mba. Wengi wakimaliza kufumua hukimbilia bombani. Maji yakiugusa utando ule, unashikana na nywele zilizokwisha kudondoka, na kitana kikipita hapo unasikia kabisa zinavyokatika. Fumua rasta moja, chovya vidole kwenye mafuta ya nazi, usugue ule uchafu taratibu na uuchambue mpaka utoke, ndipo uhamie nyingine. Inachosha, ndiyo. Washa tamthilia, mwite mdogo wako akusaidie. Kisha gawa mafungu, chana kwa chanuo la meno mapana, anzia nchani ukirudi kwenye ngozi. Donge litakalobaki mkononi lisikutishe. Kichwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za miezi miwili zote zilikuwa zimefungiwa humo.

Sijasema mafuta hayana kazi. Mafuta ya nazi, haya ya kukamuliwa tui, huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na ya alizeti na yale ya madini, na ya nazi yakashinda (waliofanya utafiti walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, kwa hiyo yapokee kwa tahadhari kidogo). Paka kabla ya kuosha, si baada. Mafuta ya nyonyo ni mazito, hulainisha na kuzifanya zing'ae, basi. Maji ya kitunguu yalijaribiwa Baghdad, matokeo yakatoka mwaka 2002, lakini kwa wagonjwa wachache wenye vipara vya madoa, si kwa mtu anayetaka zimfike mgongoni. Na ile chebe, unga wa mimea kutoka Chad unaouzwa kwa vijiko? Wanawake wa Kibasara wa huko huuchanganya na mafuta, wakaupaka kwenye urefu wa nywele, si kwenye ngozi, kisha wakasuka na kuziacha. Ukiwaangalia vizuri, siri yao ni kuziacha.

Bibi zetu walikuwa na njia yao, nywele za uzi. Zinanyooka bila pasi, ncha zinafichwa, na uzi wenyewe bei yake ni ya kununulia pipi. Wasichana wa siku hizi wanaona ushamba. Mimi nazisuka, natoka nazo, na anayecheka acheke. Usiku nafunga kitambaa cha satini, maana kanga ya pamba hukwaruza nywele na kunyonya mafuta. Sisi wa Dar tunaooga maji ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya dukani ukiweza. Nywele zikikakamaa kama brashi ya viatu, usikimbilie kulaumu shampuu.

Kuna kunyonyoka kusikotokana na mkono wa mtu. Mama aliyejifungua huanza kuona nywele zinatoka kwa wingi kama miezi mitatu baadaye, na kwa kawaida hurudi zenyewe bila dawa yoyote. Anayechoka ovyo, viganja vimepauka, akapime damu kwanza. Upungufu wa madini ya chuma huonekana mpaka kichwani, na dagaa na maharage vina msaada kuliko vidonge vya kukuza nywele. Kipara cha doa kinachotokea ghafla, au ngozi inayowasha na kuuma, ni cha daktari wa ngozi. Na mtoto akiwa na mapunye kichwani, usipoteze wiki kwa ndimu na kitunguu saumu. Mpeleke zahanati apewe dawa ya kumeza, kwa sababu ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina.