Tuache Mkasi, Tutunze Ukurasa Mzima

Wiki iliyopita, hapa Lubumbashi, kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, kijana mmoja alinifungulia albamu ya picha aliyoijaza matangazo ya matamasha ya roki ya Zambia, yale ya magazeti ya miaka ya 1970. Yote yamekatwa kwa mkasi na kubandikwa gundi. Niliumia moyo hata bei sikuuliza.

Wakusanyaji wenzangu, tuache mkasi!

Sisi wa Lubumbashi roki hiyo ni ya jirani. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa umeingia Copperbelt, eneo la migodi ya shaba la Zambia, na bendi zao kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family zinapendwa leo mpaka Ulaya. Ndiyo maana vipande hivi vinatafutwa sana, na kila anayepata gazeti anakimbilia kukata.

Tangazo moja lilisema "Jumamosi hii, saa mbili usiku", jina la bendi kwa herufi nene, kiingilio kwa kwacha. Basi. Jumamosi ya mwaka gani? Gazeti halikuwa na haja ya kurudia, tarehe ilikuwa juu ya ukurasa, na ukurasa umetupwa. Hatutajua kama watu walicheza usiku ule kabla bei ya shaba haijaanguka mwaka 1974, au baada ya hapo, mifuko ikiwa imekauka. Sisi watoto wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba ya huku kwetu, tunajua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani.

Au chukueni Kinshasa. Pambano la ngumi la Ali na Foreman lilipangwa Septemba 25, 1974. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini tamasha lililopangwa pamoja nalo halikusogezwa, James Brown na B.B. King walipiga muziki wao Septemba ile ile. Tangazo la kabla ya jeraha na la baada yake ni historia mbili. Bila tarehe utazitenganisha vipi?

Nyumbani nina ukurasa mmoja mzima. Tangazo la bendi liko chini kushoto, dogo kama kiberiti. Juu yake kuna sinema, pembeni nafasi ya kazi ya fundi umeme mgodini. Na kwenye ukingo mweupe mtu ameandika hesabu kwa kalamu: kiingilio mara mbili. Alitaka kwenda na mwenzake! Mkasi ungemfuta mtu huyo kabisa.

Haya, nakubali ukurasa mzima unasumbua. Unakatika kwenye mikunjo, mwanga unaugeuza njano, na mvua zetu hazina huruma. Ulaze bapa kati ya makaratasi safi, gizani, mbali na ukuta wenye unyevu. Skochi, ule utepe wa gundi, usiiguse, inaacha doa la kahawia. Plastiki ya kubandikwa kwa moto (lamination) ni mbaya zaidi, haitoki tena.

Mwenye gazeti la miaka hiyo, hata kama panya wamelila pembeni, anitafute kabla hajakata kitu. Ukurasa mzima nitaulipia zaidi ya kipande chochote.