Obra Dinn halitaki mtu wa kubahatisha

Mdogo wangu alisimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini weee, mwisho akauliza: "Kaka, sasa hapo unacheza au unasoma?" Nilikuwa nimekodolea macho picha ya mabaharia waliolala kwenye machela ya kuning'inia, yote nyeusi na nyeupe, hakuna kinachotikisika. Nikamwambia natafuta namba. Akacheka, akarudi kwenye gemu lake la mpira.

Nililokuwa nacheza ni Return of the Obra Dinn, kazi ya Lucas Pope iliyotoka 2018, na kwangu mimi bado sijaona gemu la upelelezi la kulifikia. Obra Dinn ni merikebu ya mizigo, inaondoka London mwaka 1802 kuelekea Mashariki. Haifiki Rasi ya Tumaini Jema ilikokuwa ikisubiriwa, inahesabiwa imepotea. Mwaka 1807 inaibuka yenyewe bandarini Falmouth, Uingereza, matanga yameharibika, mtu haonekani. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki, unatakiwa useme yaliyowapata watu wote 60 waliokuwamo. Hupewi silaha. Unapewa kitabu chenye orodha ya majina, na saa ya mfukoni. Ukiifungua mbele ya maiti, kwanza giza na sauti tu, watu wakibishana, mlango ukigongwa, mlio wa bunduki. Kisha unajikuta umesimama ndani ya ile nukta aliyokata roho, kila kitu kimeganda, mpaka moshi.

Unazunguka taratibu. Nani yuko mlangoni? Yule anayekimbia amevaa nini? Magemu mengi ya namna hii ukipita karibu na ushahidi yanakuwashia taa, kama vile unaongozwa kipofu. Hili halikunyooshei kidole.

Kila mtu unamwandikia jina, yaliyompata, na aliyemuua kama yupo. Ukikosea, gemu kimya. Ukipatia, kimya vilevile, mpaka ufikishe watu 3 sahihi ndipo linawathibitisha kwa mpigo. Kanuni hiyo ndogo naipenda kuliko hata muziki wake. Nilifungua kaunta buku nikawa naandika kama karani: huyu hukaa na maseremala, huyu nahodha alimwita kwa jina. Siku mbili nzima niliyapita yale machela bila kuona kwamba yana namba, na kwamba namba hizo ndizo zilizo kwenye orodha. Samahani kama nimekuharibia.

Pana mahali linatuonea, lakini. Baadhi ya watu unawajua kwa lafudhi. Mwingereza akisikia sentensi moja tu anajua huyu Mskoti, yule wa Ireland. Mimi nilisikia Kiingereza, basi. Lingekuwa jahazi la kwetu, baharia angeropoka neno moja nami ningejua huyu Mpemba, huyu wa Lamu, huyu wa bara kaja pwani juzi. Maandishi ya kwenye skrini yanakupa maneno, lafudhi hayakupi.

Kero nyingine ni ngazi. Ukitaka kulitazama tena tukio, kitabu hakikurudishi. Sharti utembee mwenyewe hadi kwenye maiti, panda, shuka, panda tena. Mwendo wa taratibu naupenda, ila hii ni kuchoshana tu.

Na niseme ukweli, karibu na mwisho nilichoka. Nikiwa na uhakika wa watu wawili, nilizungusha majina ya wa tatu, moja baada ya jingine, mpaka likakubali. Gemu halikunikaripia. Mabaharia wengine naweza hadi leo kukwambia nani alikuwa rafiki ya nani na alisimama wapi siku ya dhoruba. Huyo mmoja, hata sura yake siikumbuki.