Jeti la kivita na nyama ya shangazi

Jumamosi hiyo ya Machi 2023 shangazi alikuwa amekuja Leicester, Uingereza, kunitembelea, katoka Mombasa, na kwa vile Ramadhani ilikuwa haiko mbali tukaona tuvunje jungu mapema, watu wa kwetu wote wanaokaa hapa mjini nikawaita waje wale mchana. Nikatia nyama ya pilau kwenye presha kuka ya umeme. Hapo ndo balaa ilipoanza, maana shangazi na presha kuka haziivi kabisa, anasema kuna rafikiye Majengo ilimlipukia mpaka mfuniko ukatoboa dari (na kila akisimulia dari linazidi kuwa juu), so asubuhi yote dude likitoa mvuke kidogo tu yeye yuasoma Ayatul Kursi na kulipitia ukutani ukutani.

"Litatulipua hilo. Mie nshasema."

Niko chumbani natafuta mkeka nikasikia BUUUM! Si mlango uliobamizwa jamani, vioo vilitetemeka, alamu za magari nje zikaanza kulia zote kwa mpigo. Kukimbilia jikoni namkuta shangazi kashalimwagia dude beseni zima la mchele aliouloweka, maji na basmati yote, ukutani mchele, kwenye swichi mchele, kisha paap, umeme ukaenda.

"Nimeliwahi!" anasema huku ahema.

Nikaliangalia. Zima kabisa, mfuniko uko palepale, hata kuchubuka halikuchubuka.

Nje majirani wamejaa, mama mmoja wa Kigujarati anasema ni gesi, mwengine anasema bomu. Wageni nao ndo wanaingia, njaa imewashika, nyumba giza. Kati yao kulikuwa na mzee mmoja Mtanzania, yule wa kufuatilia ndege kwenye simu hata akiwa harusini, akatuambia tulieni, hiyo ni Typhoon, jeti la kivita la jeshi la anga la Mwingereza, imepita kasi ya sauti, ile ya kilomita 1,200 na zaidi kwa saa, na mshindo umesikika mpaka Northampton na Banbury huko. Marubani wake hukaa tayari saa 24 kule Coningsby, Lincolnshire, na mara nyingi wakiitwa ghafla ni kwenda kukutana na madege ya Mrusi ya kubeba mabomu, zile Tu-95, huko juu ya bahari. Juu ya nyumba za watu hawapiti kasi hiyo hivihivi mpaka wapewe ruhusa. Leo wamepewa kwa sababu kuna ndege ya kiraia inaitwa kwa redio haijibu.

"Yaenda wapi?" shangazi akauliza.

"Imetoka Iceland, yaenda Nairobi."

Shangazi akakaa chini kabisa. "Nairobi! Si nilijua! Watu wa Nairobi hata wakipigiwa na jeshi hawashiki!"

Tukacheka mpaka mzee akasahau alipofika. Ndege yenyewe ilisindikizwa hadi Stansted, kumbe ni mitambo ya mawasiliano tu iliyoharibika, polisi wa Essex walisema hivyo. Mzee akadakia kuwa Stansted ndo huko wanakopelekwa wengi wenye mashaka, hata ile ya Air Tanzania iliyotekwa 1982 ikitoka Mwanza kwenda Dar iliishia hapohapo, watekaji wanataka Nyerere ajiuzulu. Hadithi tamu, ila tumbo halikuisikiliza, tukaagiza chipsi na kuku.

Jioni shangazi akatuma voisi kwa grupu la familia, ndefu mpaka nikaenda kukausha swichi nikarudi bado anaongea. Kwenye voisi hakuna beseni. Kuna jeti la Mwingereza lililopita juu ya nyumba yetu likamwaga mchele wote. Wa Mombasa wakatuma pole na dua. Binamu yangu wa Nairobi akaandika, "Na nyama iliiva?"

Shangazi akaniangalia, akafungua mfuniko kwa ncha ya mwiko, mkono ameunyoosha wote.

Ilikuwa imeiva. Hakumjibu.