Jiwe Limeruka, Mwenye Baiskeli Alipe

Jumanne iliyopita nimelipishwa kioo. Cha gari ningekuwa nimeshauza baiskeli, kwa hiyo mshukuruni Mungu pamoja nami: ni kioo cha kabati la maandazi, ubavu mmoja tu. Nilikuwa napita zangu taratibu na mfuko wa sembe wa kilo 25 kwenye keria, tairi la mbele likakanyaga kokoto moja ukingoni mwa lami. Nikasikia "ti!", kisha "kwaa!" Kugeuka, mama ameshika kiuno, kabati lina ufa kutoka kona hadi kona, na maandazi yanatutazama wote wawili.

"Baba, umenipiga jiwe."

Sikumpiga jiwe. Kumpiga mtu jiwe ni kuinama, kuokota, kulenga na kurusha, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Lakini kawaeleze hivyo watu kumi na tano waliokusanyika kabla sijateremka vizuri, nusu yao waendesha daladala. Nasema daladala za kwetu Shinyanga, zile za matairi mawili na abiria kwenye keria. Hawa ndugu zangu kokoto zinawaruka kutwa nzima, zao na za wenzao. Nilidhani nina mawakili sita pale. Mmoja akasema, "Kaka, mlipe tu mama wa watu yaishe." Sh 18,000. Nilikuwa na 10,000 mfukoni, nikatoa, iliyobaki tukaelewana kwa mdomo.

Tangu siku hiyo ninatembea nikiangalia chini kama niliyepoteza pete.

Hebu tuanze na jiwe lenyewe. Utotoni wote tumecheza na mbegu ya chungwa: unaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, unaminya, inachomoka na kumpiga mwenzako sikioni. Hukuirusha, umeiminya tu ikatafuta pa kutokea. Tairi nalo ni hivyohivyo. Likikanyaga kokoto katikati, kokoto inalala chini au inazama kwenye mpira. Likiikanyaga kwa ukingo, uzito wote, wa kwako na wa sembe, unaiminya kutoka upande mmoja, nayo inachomoka ubavuni. Tairi likiwa gumu ndiyo zaidi, na mafundi wetu siku hizi wana kompresa, wanakupigia upepo mpaka ukigonga tairi kwa kucha linalia kama ngoma. Tairi laini lingeikumbatia ile kokoto. Hili gumu linaitema.

Sasa kuna mjuaji mmoja pale alisema, "Ungekuwa na madigadi yasingetokea haya." Ni kweli madigadi yangu niliyatoa mwaka jana. Yalikuwa yanapiga kelele kama bati la banda la kuku. Na ni kweli yanazuia yale mawe yanayonasa kwenye tairi, yakapanda nalo na kurukia mgongoni kwako au machoni kwa anayekufuata. Haya, nimekubali, mkitaka niwaandikie na barua. Ila jiwe linalominywa ubavuni halipandi popote. Linatoka chini palepale tairi linapogusa barabara, na linaenda pembeni. Madigadi yanaliangalia tu likipita.

Lakini hayo yote ni ya pembeni. Swali langu ni moja: kokoto ile ilikuwa inafanya nini pale?

Barabara yetu imetiwa lami miezi miwili iliyopita, na tulishangilia, mimi wa kwanza. Mnaijua lami hii. Gari linamwaga lami ya moto, zinamwagwa kokoto juu, rola linapita. Halafu lami tena, kokoto ndogo zaidi, rola tena. Halafu picha zinapigwa na watu wanaondoka. Kokoto huwa hazishiki zote, hata kama mkandarasi ni malaika. Lazima zimwagwe za ziada ili pasibaki penye lami tupu. Kwa hiyo kazi yenyewe imepangiwa hatua ya mwisho, nayo ni kufagia zilizozidi. Kufagia! Mashine iliyoyeyusha lami ilipatikana, rola likapatikana, lori za kokoto zikapatikana tena nyingi. Ufagio ndio ulioshindikana.

Kwa kuwa hakuna aliyefagia, magari ndiyo yamefagia. Nendeni mkaangalie wenyewe, msinisikilize mimi. Pale matairi ya magari yanapopita kila siku ni peusi na pasafi, unaweza kuanika dagaa. Kokoto zimesukumwa, nyingine katikati ya barabara, nyingine pembeni, zimejipanga kama tuta la viazi. Na pembeni ndiko anakokaa nani? Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na kuna kipande chake kimoja ambacho hata asiyejua kusoma amekikariri: baiskeli, kaa kushoto. Nikisogea nusu mita kuingia palipofagiliwa, napigiwa honi na matusi ya mama yangu. Nikirudi pembeni, naendesha juu ya gololi. Breki sishiki kwa nguvu, kona sikati kwa kuinama, na kila mzunguko wa tairi ni bahati nasibu: itatoka, haitatoka, itatoka kwa nani.

Yaani taka zinakusanywa kutoka njia ya magari, zinamwagwa kwenye njia yangu, halafu nikizikanyaga naitwa mharibifu.

Na tusemezane ukweli kuhusu nani anarusha nini. Mimi na mzigo wangu nikijitahidi sana ni kilomita 15 kwa saa. Lori linapita kwenye makazi, kibao kinasema 50, dereva anasoma 80. Jiwe lililonasa kwenye tairi likiachia, linaondoka na mwendo wa tairi, na mwendo ukizidi mara tatu, kishindo kinazidi mara tisa. Tena yale malori ya matairi pacha nyuma huwa yanabana jiwe katikati, saizi ya ngumi ya mtoto, linazunguka nalo mpaka siku litakapoamua kutoka. Muundi wangu wa kulia una alama tatu, na hakuna hata moja niliyolipwa. Hakuna watu kumi na tano waliowahi kukusanyika kumwambia dereva wa lori, "Kaka, mlipe tu baba wa watu yaishe." Watamkamatia wapi? Mimi nakamatika. Nina mwendo wa kukamatika.

Mtoto wa jirani yangu anasoma darasa la pili. Mwezi huu alirudi kutoka shuleni na kidonda juu ya nyusi, kidole kimoja kutoka kwenye jicho. Jiwe la tairi la lori. Mama yake alimsafisha kwa maji ya chumvi, mtoto akala akaenda kucheza, na habari ikaishia hapo. Hili silifanyii mzaha. Kidole kimoja.

Kuna watakaosema nafuu hiyo lami, mngebaki na vumbi. Ndiyo, nafuu. Kwani ukipewa shati jipya unatakiwa ushukuru na pini zilizoachwa ndani ya kola?

Halafu nimekumbuka jambo, nikacheka peke yangu njiani. Hapa karibu na sisi, Mwadui, 1940, Mkanada mmoja aliyeitwa Williamson alipata mawe akawa tajiri wa kusimuliwa. Mwaka 1947 ikatoka huko almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, kabla hajawa malkia. Mkoa uleule, ardhi ileile. Mwenzangu jiwe limempeleka kwa wafalme. Mimi limenipeleka kwenye deni la Sh 8,000 kwa mama wa maandazi.

Deni hilo ndilo lililonirudisha pale Jumamosi asubuhi. Nikasimamisha baiskeli mbali kidogo, kwa adabu.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Umekuja na hela au umekuja na jiwe lingine?"

Nikamwambia nimekuja na maneno. Akacheka, jambo ambalo sikulitegemea. Kioo kipya kilikuwa kimeshawekwa, ila kabati lenyewe kaligeuza, ubavu wa mbao ndio unaotazama barabara. Na mbele ya banda lake, hatua kama kumi za ukingo wa lami, palikuwa peupe kabisa. Hapana kokoto hata moja. Nikamuuliza nani amefagia, akanionyesha ufagio wa chelewa umeegemea nguzo. Anafagia kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko, maana alfajiri nyingine zinakuwa zimerudi. Nyuma ya banda kapanga ndoo saba zimejaa kokoto, safi, zimechekechwa hadi vumbi limetoka. Anasema zikifika ishirini anamwita fundi amwagie sakafu ya banda, maana mvua zikianza wateja wanakanyaga tope.

"Na hiyo elfu nane," akasema, "kama huna, niletee ndoo nane."

Tumekubaliana. Kila jioni nikitoka kazini nasimama njiani na kipande cha bati, nachota pembeni mwa lami, nafunga ndoo kwenye keria kwa mpira. Mpaka jana nimepeleka tatu. Ndoo ikijaa ni nzito kuliko sembe, na tairi la nyuma inabidi nipunguze upepo kidogo.